Alama Mbili Chini ya Chupa

Mimi ndiye niliyemutuma Subira kununua ile dawa, na sitaki mutu mwingine aisimulie vibaya. Naitwa Emilienne, mama Naomie. Hapa pembeni ya Kasongo, upande wa njia ya Kabambare, mahindi yako yakiumwa unakuja kuniuliza, na mimi najibu. Sijui kunyamaza. Bwana yangu anasema hata mbuzi wa jirani nawapa mashauri.

Subira ni jirani yangu wa shamba, ananiita yaya, dada yake mukubwa. Ni mutu wa familia za muji, Waislamu wa tangu zamani. Wazee wake waliuza vitambaa, jembe hawakulizoea. Bwana yake alipofariki, alichukua mbegu yote iliyobaki nyumbani, akaipanda. Hakubakisha hata kikombe kimoja. Nilimuambia ni wazimu, akanijibu, "Yaya, nikibakisha nitaila." Basi mahindi yakaota vizuri, yakafika magotini, halafu viwavi wakaingia. Ni wale wanaojificha katika moyo wa muhindi na kutafuna toka ndani. Ukiwaona, wamekwisha kushiba.

"Enda kwa Papa Iliasi," nikamuambia. "Chukua chupa iliyobandikwa etiketi ya kijani. Ndiyo natumia mimi."

Siku ya tano baada ya kunyunyiza, akaja kwangu na chupa mukononi. Subira hapigi makelele. Akikasirika, adabu inaongezeka.

"Jambo, yaya. Viwavi wanakusalimia. Wamenenepa."

Tukaenda kuona, na kweli, walikuwa wanatembea juu ya majani bila wasiwasi. Nikachukua ile chupa, nikaanza kumuuliza: ulichanganya vipi, mvua haikunyesha, pompe ya kunyunyizia haikuvuja? Maswali yote ya mutu anayejua zaidi. Wakati nauliza, kidole changu kilikuwa kinapita chini ya chupa. Kikasimama.

Hapa lazima nieleze. Nyumbani kwangu chupa ni nyingi: za mafuta ya mawese, za petroli ya taa, za dawa ya shamba. Mama mukwe wangu alinifundisha hivi: chupa ya sumu, pasha musumari katika makaa, ichome alama mbili kwenye kitako. Si kutoboa, ni kuchoma kidogo tu. Hata gizani, hata kama hujui kusoma, kidole kitakuambia usiguse. Katika muji huu sijaona nyumba nyingine inayofanya hivyo. Na chini ya chupa ya Subira kulikuwa na alama mbili.

Ilikuwa chupa yangu. Niliimaliza musimu uliopita, nikamupa Pitchou pamoja na zingine. Huyu Pitchou ni mutu wa pikipiki, anabeba mizigo Salamabila, Wamaza, kote. Anapitia wanawake nyumbani kwao, anaomba chupa tupu za dawa, na kila chupa anatoa kipande cha sabuni. Wauzaji wa mawese nao wanazichukua, na huo nao ni ujinga, lakini wao wanakwangua etiketi. Pitchou alitaka etiketi isiguswe hata na maji, na kifuniko chake kiwepo. Nilifikiri ni mutu anayependa usafi. Mimi, mujuaji wa pembeni yote, niliuza akili yangu kwa sabuni.

Nitasema ukweli: nilitaka kuficha. Ningesema tu kwamba Iliasi ni mwizi, na watu wangeniamini. Lakini ningemuona Subira kila asubuhi kwenye mupaka wa shamba, akinisalimia na ile adabu yake. Muficha uchi hazai. Nikamuambia pale pale, katikati ya mahindi. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akashika njia ya soko, nami nikamufuata.

Butiki ya Iliasi ilikuwa imejaa, ilikuwa siku ya soko. Iliasi ni muzee wa heshima, kofia yake nyeupe haijawahi kulala upande. Alipoona chupa akaweka mukono kifuani.

"Mama Naomie, katoni ilikuja imefungwa. Nilifungua mwenyewe. Hii ni ya kiwanda."

"Geuza zile zilizobaki, papa. Zipapase chini."

Zilibaki tisa. Nne zilikuwa na alama mbili.

"Sasa niambie," nikasema, na sauti yangu unaijua, soko zima lilisikia. "Ni kiwanda gani huko Ulaya kinachokuja kuazima musumari wa jikoni kwangu?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Nikamuuliza alizipata kwa nani.

"Kwa Pitchou. Anasema anazitoa Bukavu."

"Pitchou wa sabuni?" akauliza mwanamuke aliyekuja kununua chumvi.

Basi kila mutu akaelewa. Sisi wanawake tulikuwa tunamujua Pitchou wa chupa tupu, wanaume wa butiki walikuwa wanamujua Pitchou wa chupa zilizojaa, na hatukuwahi kukaa pamoja tukaongea. Iliasi akamimina dawa kidogo katika beseni la maji. Dawa ile, ikiwa ya kweli, inageuka nyeupe kama maziwa. Hii ilibaki inaelea juu na kunuka petroli. Muzee akaketi juu ya gunia la muchele.

"Nimewauzia watu petroli," akasema. Nilimuonea huruma, maana aibu yake na yangu zilikuwa ndugu.

Siku ile ile akatoa katoni nzima nje, akaanza kuwaita walionunua. Ijumaa akasimama baada ya sala akawaambia watu wa musikiti. Jumapili nikasimama mimi kanisani, na sikuruka jina langu. Lakini tangazo haliui kiwavi. Nilikuwa na nusu chupa ya dawa ya kweli, niliyowekea mahindi yangu. Nikamupelekea Subira. Mahindi yangu niliyaokotea wadudu kwa mukono, shina kwa shina, nikatia majivu ndani ya mioyo yake, na wanawake waliokuwa na sabuni ya Pitchou nyumbani walikuja kunisaidia bila kuitwa. Sehemu moja ya shamba langu ilikufa. Mahindi ya Subira yakasimama. Dawa aliipokea, akasema asante, na zaidi ya hapo hakuniambia neno mpaka mavuno.

Wakati tunachoma mahindi mapya nyumbani kwake, Pitchou akafika. Alikuwa amekaa Salamabila muda murefu, habari haikumufikia. Akapaki, akachukua sabuni zake, akaingia anatabasamu.

"Karibu, kaka," Subira akamuambia. "Chupa zako ziko tayari."

Zilikuwa ishirini na zaidi, zimepangwa kwenye mukeka. Pitchou akainua ya kwanza, akaigeuza. Mahali pa zile alama mbili kulikuwa na matundu mawili, yametoboka mpaka ndani. Akainua ya pili. Ya tatu. Kila nyumba ilikuwa na musumari sasa. Akageuka kutazama pikipiki yake, akamukuta Papa Iliasi ameketi juu yake, kofia sawasawa, na pembeni yake amesimama agronomu wa teritwari, mutu wa serikali wa mambo ya mashamba.

Subira alikuwa na adabu kuliko siku zote. Akachukua muhindi kutoka kwenye makaa, akauvunja katikati, akamupa Pitchou nusu kwa mikono miwili.

"Keti, kaka. Kula kwanza. Haya ndiyo mahindi uliyotaka kuyaua."

Halafu akanigeukia mimi, akaninyoshea nusu iliyobaki.

"Na hii ni yako, yaya. Chupa ilikuwa yako."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikala mbele ya watu wote.