Springi Tatu

Injini ilinguruma kama dume la ng'ombe lililomwona mwenzake ng'ambo ya korongo, lakini Land Rover haikupanda. Ilisita katikati ya mwinuko wa Nangara, magurudumu yakijivuta kama ya mkokoteni, na chini ya miguu yangu ikapanda harufu ya kitu kinachoungua. Mzee Rashidi akaondoa mguu kwenye mafuta, akaiacha irudi nyuma yenyewe hadi langoni kwetu.

"Klachi inateleza, Mama Ursula," alisema. "Nguvu ipo, ila haifiki inakotakiwa."

Yeye alikuwa Mrangi wa Kondoa, fundi aliyefanya kazi na marehemu mume wangu, Egidius, kwa miaka kumi na mmoja. Mwezi ule, ni yeye pekee aliyevuka lango letu. Kwetu Wairaqw nyumba iliyofiwa hujitenga, tunaita metimani. Padri alikwisha kutuambia kwamba si lazima, nao majirani walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kunisalimu wakiwa ng'ambo ya ua. Binti yangu Ursula alikuwa shule ya bweni. Kuna siku nilizungumza na jiko.

Shemeji yangu Severini alikuwa ametuma ujumbe. Kama gari limekufa, Jumamosi angekuja na watu wang'oe injini ikaendeshe mashine ya kusaga kule Mutuka. Sikuweza kumlaumu. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Sabuni ilikuwa hadithi, vipuri vilikuwa ndoto, na wanawake wa Mutuka walitembea nusu siku na debe la mahindi kichwani. Gari bovu lilikuwa banda la kuku tu. Lakini sauti ya injini ile ndiyo iliyokuwa ikiniambia kila jioni niweke maji motoni, na sikuwa na sauti nyingine iliyobaki.

Gari lile Egidius alilibuni upya mwenyewe. Injini aliitoa kwenye lori lililopinduka, na kwa kuwa klachi ya kawaida isingeimudu, alitengeneza yake yenye springi tisa za lori, ngumu kupindukia. Vijana wa stendi walikuwa wakija kuikanyaga pedeli kwa kushindana, kama watu wanaopimana nguvu za mkono. Wengi waliondoka wakichechemea na kucheka.

Mzee Rashidi hakukimbilia kufungua. Alivuta handibreki, akaingiza gia ya tatu, akaachia klachi taratibu. Gari lenye klachi nzima lingezimika papo hapo. Hili liliendelea kuunguruma bila aibu. Akaisukuma pedeli kwa mkono, akaona uchezaji wake uko sawa. Akaingia chini, akapenyeza kidole kwenye tundu la kava, akakinusa. Hakukuwa na oili ya kuitelezesha.

Aliniambia kwamba yamebaki mawili. Ama pleti, ile sahani inayosuguliwa ndani ya klachi, imekwisha, na hapo Severini aje tu na spana zake, maana pleti haipatikani hata Arusha. Ama kinachoibana kimepoteza nguvu.

Kushusha giaboksi kwa gogo na kamba kulichukua siku mbili. Nilimpa spana, nikashika taa, nikabeba boliti kwenye bakuli la mboga. Tangu mazishi, ndiyo mara ya kwanza mtu aliniita kwa sababu alinihitaji.

Pleti ilikuwa bado nene. Nilifurahi, lakini yeye alikaa juu ya tairi, akanisogezea chuma cha duara kinachoshika springi.

"Hebu hesabu."

Springi zilikuwa sita. Nikasema ni wezi.

"Mwizi asingeacha hivi. Angalia: mbili zipo, moja haipo. Mbili zipo, moja haipo. Aliyezitoa alijua kwamba akitoa za upande mmoja, klachi itabana mshazari. Babati hii tulikuwa wawili tunaojua kazi hiyo, na mimi sikuifanya."

"Kwa nini azitoe? Alizitafuta mwenyewe hadi Singida."

Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Ili pedeli iwe laini, mama."

Tulizikuta nyuma ya kiti cha dereva, zimepakwa grisi vizuri, zimefungwa kwa karatasi ya daftari. Ilikuwa karatasi ya hesabu ya Ursula alipokuwa darasa la saba, na juu pembeni baba yake alikuwa ameandika tarehe: kumi na nne Juni, mwaka uliotangulia. Egidius alifariki Februari. Daktari alipomuuliza mguu umeanza kufa ganzi lini, nilikuwapo, naye alijibu kwamba wiki iliyopita.

Basi yale niliyoyaona nayo yakaanza kujipanga. Asubuhi moja alipoinua mguu wa kushoto kwa mikono miwili kuuingiza garini, mimi nikiwa mlangoni na kikombe, nilidhani anafanya mzaha. Kanisani aliacha kupiga magoti, akasema suruali inambana. Mzee Rashidi naye alisema, akitazama chini, kwamba alimtania mwenzake alipoacha kubeba mizigo ya kupanda mlima wa Dareda. Alimwita bwana harusi, anayechagua abiria wepesi. Egidius alicheka naye.

Mtu anayetupa kitu hakipaki grisi. Alitarajia kuzirudisha.

"Nikizirejesha, gari litapanda," alisema Mzee Rashidi. "Ila nitakuwa nimeifuta kazi yake ya mwisho. Useme wewe."

Nilipitisha kidole kwenye zile nafasi tatu tupu. Zilikuwa safi, alikuwa amezipangusa. Kuku mmoja alivuka kati yetu, akadonoa nati, akaiacha.

"Zirudishe."

Severini alifika Jumamosi na wanaume wawili na kamba. Alinisalimu akiwa mbali, lakini gari hakuliogopa. Aliwapakia wenzake nyuma, akapanda mwinuko wa Nangara hadi juu na kurudi, na aliposhuka alikuwa akijisugua goti. Akauliza lilikuwa na nini.

Mzee Rashidi alinitazama, akaniachia neno.

"Springi zilikuwa zimelegea, shemeji."

"Aa, kaka alikuwa na mguu wa chuma," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona machozi yake. "Hii pedeli ilikuwa inamjua yeye tu."

Nikasema ndiyo.

Waliondoka kwa miguu na kamba zao begani. Mzee Rashidi aliswali alasiri kando ya ua, akakunja mkeka wake, akaniaga. Nikapanda kwenye kiti cha dereva, ambacho katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kukikalia. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaikanyaga klachi kwa mguu wa kushoto hadi chini, nikaishikilia hapo huku nikihesabu. Kabla sijafika kumi paja lilianza kutetemeka. Nikaendelea kuhesabu.