Nguzo Yenye Masikio

Shemeji, mume wa dada yangu, alifuta jina langu kwenye mchoro wa jumba la tajiri mmoja akaweka lake. Mimi ndiye niliyepima kila chumba kwa mashine ya leza, kisha programu ikageuza mamilioni ya nukta kuwa kuta na milango. Sikugombana naye. Nilirudisha tu kitu nilichokuwa nimekifuta: nguzo katikati ya sebule.

Siku ya kukabidhi, tajiri aliikodolea macho skrini.

"Fundi, sebule yangu ina nguzo tangu lini?"

Shemeji hakutetereka. "Ipo, mzee. Nimeipima mwenyewe. Ndiyo inayobeba ghorofa."

"Kumbe! Na sijawahi kujigonga!"

Watu wakacheka. Nikainuka, nikafungua kwenye skrini nukta zenyewe za leza, kama zilivyokuwa kabla programu haijazigeuza. Nguzo ikawa na mabega, kofia na masikio.

"Ni mimi, mzee. Nilisimama mbele ya leza, programu ikadhani ni nguzo. Aliyekuwepo angejua."

Tajiri akamgeukia shemeji. "Wewe ulishawahi kufika kwangu kweli?"

Shemeji akaninong'oneza kwa hasira, "Dada yako atasikia haya."

"Na asikie. Mwambie na mchoro ni wa nani."