Saa Nane ya Nani

Jumanne simu ya kwanza iliita kabla sijavua viatu. Ya tano iliita nikiwa bado nimeshika kiatu kimoja.

Mwezi mmoja nyuma tulikuwa na wateja kumi na mmoja, wote wenye saluni. Mimi na kaka tuliwaandikia programu ndogo ya miadi: mwenye saluni anaingiza tarakimu ya saa, mteja wake anapata ujumbe kwenye simu. Ofisi ilikuwa chumba cha cherehani cha Shangazi, ambacho alituachia bure siku macho yake yaliposhindwa kutia uzi sindanoni. Kisha msusi mmoja akatusifu kwa mwenzake, mwenzake akatusifu kwa daktari wa meno, na ghafla tukawa na wateja mia nne, na juu yao hospitali ya macho. Hospitali ileile ambako Shangazi alikuwa anasubiri kupasuliwa jicho, kwa miezi minane sasa. Kaka aliruka kwa furaha hadi akagonga kichwa kwenye rafu.

Mimi sikuruka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini sisi tulikuwa tumeinama mpaka viuno vimekufa ganzi.

Mmoja wa waliopiga Jumanne hiyo alikuwa karani wa hospitali. Mgonjwa wake kachelewa saa sita nzima, na anaapa kwamba ujumbe wetu ndio uliomwambia aje mchana. Nikafungua programu, nikaona kosa kwenye sehemu ya saa. Niliiandika mimi, kwa saa za mdomoni mwetu. Msusi akiingiza 8, ni saa nane, na programu inaongeza "mchana" yenyewe, kwa kuwa hakuna anayesukwa saa nane usiku. Karani naye anafuata saa ya ukutani. Ikifika saa mbili asubuhi mshale uko kwenye 8, basi anaingiza 8.

"Kaka, tusimamishe ujumbe wa hospitali mpaka nirekebishe hii kitu."

"Tukiwasimamisha wiki ya kwanza si watatukimbia? Mgonjwa mwenyewe mmoja tu. Hebu pokea hiyo simu kwanza."

Ningeweza kubisha. Mimi ni mbishi, ukoo mzima unajua. Lakini simu ilikuwa inaita, na kusema kweli nami niliogopa kuikosa hospitali. Nikaandika SAA kwenye kikaratasi, nikakibandika ukutani pamoja na vingine thelathini, nikapokea.

Jumatano Shangazi alisimama mlangoni akasema hatimaye ameitwa, Ijumaa. Nikamwambia hongera bila kugeuza kichwa. Hakunitajia saa, nami sikuuliza. Alhamisi sikukumbuka hata kula.

Ijumaa, saa tisa alasiri, aliingia ofisini amevaa nguo yake ya kutokea, amekumbatia mkoba. Jichoni hakuwa na bandeji.

"Shikamoo, Shangazi. Mbona umerudi mapema?"

"Marahaba, mwanangu. Hawakunipasua. Eti zamu yangu ilikuwa asubuhi, wameshampa mwingine. Nianze foleni upya, labda mwakani."

Kaka alinitazama. Mimi nikaitazama simu iliyokuwa ikiita mezani. Hakuna aliyeipokea.

"Msinikasirikie, wanangu," Shangazi akasema, akipapasa kutafuta kiti. "Kosa ni langu. Ujumbe niliusoma mwenyewe, sikutaka kuwasumbua, mna kazi nyingi. Lakini haya macho jamani! Nimesoma nane, kumbe ilikuwa mbili."

Nilimshika mkono nikamkalisha. Nilitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi haijawahi kumsaidia mtu.

"Ilikuwa nane, Shangazi," nikamwambia. "Macho yako yalisoma sawasawa."