Kisanduku Kilichobaki Juu ya Kitufe

Kengele niliisikia nikiwa bado kwenye ngazi, mkononi nina arepa ya moto, ule mkate wa mahindi. Ile kengele ya ng'ombe tuliyoitundika ukutani, na sheria yake ofisini kwetu Medellín, tunakotengeneza tovuti, kila mtu anaijua: huigusi mpaka kazi yako mwenyewe imekamilika. Asubuhi ile hakukuwa na kazi iliyokaribia kukamilika isipokuwa yangu.

Nikausukuma mlango. Duván alikuwa kaishika kamba, anacheka. Kwenye skrini yake, tovuti ya duka la maua la Bi Amparo, mteja wetu. Akibofya waridi, kisanduku cha maelezo kinajitokeza taratibu kama ukungu unaopanda mlimani. Akibofya tena, kinafifia mpaka hakionekani.

"Kaka Eliécer! Njoo uone mikono ya fundi."

"Naiona. Ya mwizi nayo iko hivyohivyo."

Nubia wa meza ya jirani akaguna. "Bi Amparo yuko njiani, na leo anachagua nani wa kumkabidhi kazi ya duka lake. Mkitaka kupigana, nendeni ngazini, msinimwagie kahawa."

"Tupiganie nini?" Duván akasema. "Kazi niliikuta kwenye hifadhi ya mafaili ya wote. Cha wote ni cha wote, parce, rafiki yangu."

Nilikuwa nimekunja ngumi. Kisha nikautazama tena ukurasa wake, na hasira ikageuka kitu kitamu zaidi. Aliiba kazi yangu kabla sijaimaliza. Kisanduku kilififia, ndiyo, lakini hakikuondoka. Kilikuwa kingali palepale kama kioo safi, kimekifunika kitufe cha kuagiza. Duván alijaribu kufungua na kufunga tu. Kununua hakujaribu.

Nikaketi mstari wa mbele kama mtazamaji wa mchezo, nikala arepa yangu kimya.

Bi Amparo alipofika alikaa mwenyewe kwenye kompyuta. Akafungua yungiyungi, akafunga. "Kinapendeza," akasema. "Kinaondoka kwa adabu." Akabofya kitufe cha kuagiza. Hakuna kilichotokea. Akabofya tena, kwa nguvu. "Kidole changu kina nini?"

"Labda mtandao, mama," Duván akasema.

"Duván," nikasema kwa sauti ya kufika kila meza, "mwambie mama kuna nini juu ya hicho kitufe."

"Hakuna kitu! Huoni hakuna?"

"Kazi si yako? Kiondoe basi."

Akainama, akaandika, jasho likimtoka. Kitufe kikafanya kazi, lakini sasa kisanduku kilitoweka ghafla kama taa umeme unapokatika. Kukiondoa alikiondoa, ila hakukipa nafasi ya kufifia.

"Sasa umeniharibia uzuri wote," Bi Amparo akasema.

Nikamgusa Duván bega. "Pisha."

Nikaandika mistari michache tu: kisubiriwe mpaka kimalize kufifia, ndipo kiondolewe. Bi Amparo akafungua, akafunga, kisanduku kikayeyuka polepole. Akabofya. Oda ikaingia. Kisha akanigeukia.

"Ulijua?"

"Tangu nilipoingia mlangoni."

"Ukaniacha nibonyezebonyeze kama mwehu?"

"Nilimwacha yeye, mama. Wewe ulijikuta umekalia kiti chake."

Hakutabasamu. "Una roho ya pilipili, kijana. Duka lichukue. Ila ukinitia tena katikati ya ugomvi wenu, nakunyang'anya."

Nikaenda ukutani nikaipiga kengele mpaka Nubia akaziba masikio.

Duván alinifuata, sauti chini. "Parce, waambie tulifanya pamoja. Nubia ataliimba hili mpaka Krismasi."

"Aimbe. Na mimi nitaitikia."

"Umekuwa mbaya, Eliécer."

Nikaishika kamba, nikamwekea kiganjani, nikamfumba vidole juu yake. Nikasema kwa sauti, wote wasikie:

"Siku utakayotengeneza chako, hata kiwe kidogo kama punje, nakuahidi nitakushikisha kamba hii mwenyewe na nitakupigia makofi. Lakini ukigusa changu tena, Duván, nakuahidi nitaketi palepale mstari wa mbele, na arepa yangu, na sitasema neno mpaka uwe umeanguka chini kabisa."