Kompyuta ya Kishanda Iliyokataa Mwaka Mpya

Edvina alikuwa kibandani kwake Hamugembe akitengeneza simu ya mteja, Januari hii, namba ngeni ilipoingia.

"Wewe ndiye Edvina wa msaada?" aliuliza mama mmoja. "Kompyuta yangu inakataa mwaka 2026. Imeandika, 'Ukikwama, mpigie Edvina,' na namba hii. Sasa nimekwama."

Edvina akakaa chini. Maneno hayo aliyaandika mwenyewe mwaka 2010, yeye na mwenzake Avit walipokuwa chuoni wakitengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta kwa Kiswahili. Waliuita Mwani, kwa jina la Kihaya la kahawa. Waligawa diski katika shule za Muleba, wakangoja. Hakuna aliyepiga simu. Avit akapata kazi Dodoma, tovuti ikafungwa, na Edvina akaacha hata kuutaja, maana watu walimcheka.

"Mama, unautumia tangu lini?"

"Tangu mlipouleta. Haujawahi kunisumbua, ndiyo maana sikupiga."

Asubuhi iliyofuata Edvina alipanda basi la Muleba, kisha bodaboda mpaka Kishanda. Anatolia, yule mama aliyepiga simu, mwalimu mstaafu na kiongozi wa kwaya ya kigango, alimkumbatia mlangoni kama binti aliyerudi kutoka safari. Ndani ya kompyuta yake kulikuwa na nyimbo mia tatu za Kihaya, zote alizichapa yeye.

Kosa lilionekana upesi. Edvina alikuwa ameiorodhesha miaka kwa mkono, akaishia 2025, akidhani ni mbali mno.

"Nikuwekee mpaka lini, mama?"

"Weka 2080. Mimi sitakuwepo, lakini kwaya itakuwepo. Ila nina lalamiko, waitu mwanangu. Kufuta kwa nini mliita 'angamiza'? Miaka kumi na tano naogopa kubonyeza hapo!"

Edvina alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akaandika "futa," kisha akampigia Avit na kuweka simu kwenye spika.

"Avit! Mwani una mtumiaji!"

"Mmoja?" Avit aliuliza.

"Nani kasema mmoja?" Anatolia akadakia. "Kokugonza wa Kemondo nilimnakilia, na shule ya jirani wana kompyuta nne zenye Mwani."

Halafu Avit akapiga kelele za furaha hadi wenzake wa ofisini wakasikika wakimuuliza amepatwa na nini.