Ukucha Mmoja kwa Siku

Mama aliweka ukucha wa kidole gumba juu ya picha, akausogeza, akaweka tena. "Kucha mbili," alisema, akanirudishia. Nilikuwa namimina chai, sikulitia maanani.

Nilikuwa nafanya kazi ofisi ya hali ya hewa, chumba cha picha za setilaiti. Kaka yangu alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo, kuukuu, inayokohoa moshi kutwa nzima. Moshi wa meli ukipanda kwenye mawingu mepesi ya baharini huyachora mstari mweupe, mrefu, kama wa chaki ubaoni. Aliye melini haoni kitu, juu yake ni kijivu kitupu. Ni setilaiti tu inayouona. Basi kila asubuhi kaka alinitumia ujumbe kusema walipofika, nami nikautafuta mstari wake, nikauchapisha, jioni nikampelekea Mama.

"Mwambie Mama mimi ndiye ninayemchafulia anga," alinitania siku moja kwenye simu.

Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Mchafuzi huyo tangu anatambaa!" Akapima mwendo wa mwanawe kwa kidole: siku moja, ukucha mmoja.

Siku ya kumi na tisa ujumbe haukuja. Niliutafuta mstari mwenyewe. Ulianzia pale walipokuwa jana yake, ukaenda kidogo, ukakatika katikati ya mawingu. Picha ile niliifungia kwenye droo ya ofisini. Wenye meli walinipigia wakasema wanatafuta. Baadaye wakaacha kupiga. Nami, mwoga niliyekubuhu, nikachapisha mstari wa meli nyingine.

"Huyo hapo, Mama," nilisema, nikimkabidhi picha.

Nilimdanganya wiki sita. Kila jioni alipima, akatikisa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Jioni ile ya kucha mbili nilipoweka birika mezani, alinishika mkono.

"Keti, mwanangu. Meli ya kaka yako haijawahi kwenda kucha mbili. Hizi zako zina haraka."

Nilikaa. Sikuwa na pa kuficha uso.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile ya kwanza."

"Sasa mbona ulinyamaza, Mama?"

"Niliona wewe ndiye hujawa tayari."

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, kichwa mapajani mwake. Aliniacha nilie hadi nikachoka. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Ile ya kwake ya mwisho iko wapi?"

Nilimletea kesho yake. Alivaa miwani, akatafuta mwanzo wa mstari, akaweka kidole gumba. Ukucha uliufunika mstari wote, ukazidi.

"Nusu," alisema.

Hakukiondoa kidole. Chai yetu ilipoa mezani, na kidole chake bado kilikuwa palepale.