Ndoo ya Maua ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinipa lile ua wiki ya kwanza ya ndoa yangu, likiwa ndani ya ndoo ya plastiki iliyong'oka kishikio. Aliniambia nilipande popote, halina masharti. Kweli halikuwa nayo. Mwaka wa kwanza lilimaliza mchicha, wa pili likahamia kwenye vitunguu, wa tatu nikaacha kulima, nikawa natazama tu. Ni ua dogo la njano, la kupendeza sana ukiliona kwa jirani. Mizizi yake ni myembamba kama uzi wa cherehani, na inapita chini ya ardhi bila kuaga mtu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nilimlea miaka kumi na mmoja, na jembe sikuthubutu hata kumwonyesha, kwa kuwa alitoka ukweni.

Wifi yangu naye alipewa ndoo yake. Yeye aliita fundi akamwaga zege uwani kote, akasema anataka mahali pa kuegesha gari. Gari hana.

Ningevumilia mpaka kaburini kama si waridi. Kwenye kona ya tuta nilikolipanda ua hilo nilikuwa nimechomeka tawi la waridi la marehemu mama yangu, nililolikata nyumbani kwetu wiki tuliyomzika. Ile nyumba imeshauzwa, na walioinunua wameng'oa shina. Mwaka huu waridi langu halikutoa ua hata moja. Lilibaki kijiti chenye majani tisa. Nilikuwa nayahesabu kila asubuhi, na Jumatatu moja nikayakuta saba. Likifa hili, sina pengine pa kulipata.

Wiki hiyo hiyo tukaambiwa mama mkwe, aliyekuwa amelazwa kwa kuvunjika nyonga, atatoka hospitali Jumamosi, na atakuja kukaa kwetu moja kwa moja. Chumba tulichomtengea kina dirisha moja, nalo linatazama tuta. Mume wangu ni fundi bomba, mtu asiyeogopa choo cha yeyote. Nilipomuuliza kama ning'oe maua ya mama yake au niache, alikumbuka kuna bomba limepasuka mahali. Bomba hilo alilikumbuka mara tatu wiki ile.

Basi nikajipangia mwenyewe. Nitang'oa Alhamisi na Ijumaa, nibakize ndoo moja tu, ile ile, niiweke chini ya dirisha lake kwa heshima. Akiuliza, nitasema wadudu walivamia tuta. Nilianza kwa kulihamishia waridi kwenye karai, kivulini. Kisha nikachimba, nikapitisha udongo wote kwenye chekeche la mchanga, maana kipande cha mzizi kama ukucha kikibaki, kinazaa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Niliinama mpaka kiuno kikaanza kunisema.

Ijumaa saa nne asubuhi teksi ikasimama mlangoni. Hospitali walikuwa wanakihitaji kitanda, wakamtoa siku moja kabla. Mume wangu alimshusha mama yake, akaliona tuta, akaniona mimi, akakumbuka bomba.

Mama mkwe alisimama juu ya magongo yake mawili. Rundo la maua lilikuwa limelala njiani, njano tupu, na mimi nina udongo hadi viwikoni. Ule uongo wa wadudu niliutafuta nisiuone. Niliogopa kweli kweli.

"Mama," nikasema, "nimeng'oa maua yako. Waridi la mama yangu lilikuwa linakufa."

Aliomba kiti, nikamletea. Akaomba chekeche, nikadhani anataka kukagua. Akalipakata na zile nguo zake safi za kutokea hospitali, akaanza kuokota mizizi kama anayechambua mchele. Baada ya muda akaniambia niinue matofali ya pembeni, ndiko inakojificha. Niliinua. Ilikuwepo.

Ndipo aliponieleza, bila kuniangalia, kwamba na yeye alipewa ua hilo na mama mkwe wake, kwenye ndoo. Waliishi nyumba moja miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo alilimwagilia kila jioni, yule mkwe wake akitazama dirishani. Mkwe huyo alipokufa, yeye aliling'oa wiki iliyofuata. Lakini kutupa zawadi aliona dhambi, ndiyo maana akalitunza kwenye ndoo, akaja kutugawia sisi.

"Nilikuwa na mchaichai wa mama yangu pale pembeni," akasema. "Uliliwa mwaka wa nne. Sikuthubutu kusema."

Aliokota mzizi mwingine.

"Miaka kumi na tano nikamchukia yule mama, na kosa lake hakulijua. Wewe umesema siku ya kwanza ya kukaa pamoja. Afadhali, mwanangu."

Machozi yalinitoka, nikayapangusa kwa udongo. Waridi tulilipanda katikati ya tuta, mbele ya dirisha lake, kila upande shubiri tatu za udongo mtupu. Alipoiona ile ndoo ya maua niliyoibakiza akauliza ni ya nini. Nilipomwambia ni heshima yake, akaniagiza nikayachomee mbali maua hayo, pamoja na ndoo yenyewe.

Asubuhi nilitoka mapema kuhesabu majani. Dirisha lilikuwa wazi tayari.

"Bado saba," akasema kutoka ndani. "Nimeshahesabu. Kapumzishe kiuno."